Mzazi Aulizapo Kanuni Kali za Shule

Masomo ya kusomwa kwanza: Kumbukumbu la Torati 25:1-3, Matendo ya Mitume 22:24-29, Waefeso 6:4.

Ndugu wasomaji, liko neno moja ambalo katika vijiji vya Kasulu na Kibondo huletwa kwa mwalimu wa dini mara nyingi kuliko linavyopelekwa shuleni kwenyewe. Mama huja jioni, akiisha kutua mzigo wake wa kuni. Huulizwa habari za nyumbani, hujibu njema. Akiisha kuketi ndipo asemapo, "Mwalimu, mtoto wangu hataki tena kwenda shule." Ukimwuliza sababu, atataja kanuni fulani ya shule: mtoto alichelewa akachapwa, au alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele, au alikemewa kwa kusema Kiha uwanjani. Mama huyo hakwenda kwa mwalimu mkuu. Anaogopa kwamba akiuliza, mtoto atachukiwa. Tena anaogopa kuitwa mama adekezaye watoto. Na wengine, ambao hawakupata kusoma, huona haya kuingia katika nyumba iliyojaa vitabu. Basi humwendea mwalimu wa dini, naye mara nyingi humjibu kwa neno fupi, "Vumilia, mama, shule ndivyo ilivyo."

Jibu hilo ndilo tutakalolipima katika somo hili. Je, ni jibu la haki?

Kwanza tusizidharau kanuni. Shule yenye watoto mia sita haiwezi kukaa siku moja pasipo saa ya kuingia na saa ya kutoka, wala pasipo makatazo ya kupigana, kuiba na kutukana. Mzazi anayegombana na kila kanuni hamlei mtoto. Anamfundisha kwamba amri ni za watoto wa wengine. Wazee walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Tena tumhurumie mwalimu. Wengi wao wametoka mbali, hawakijui Kiha, nao wamepewa darasa ambalo watoto wake hawaenei madawatini. Mtu mmoja mbele ya watoto themanini hana budi kuwa na njia ya kuwanyamazisha, na pengine hushika iliyo karibu na mkono wake.

Lakini tuulize jambo lililo chini ya hayo: mamlaka ya mwalimu yametoka wapi? Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther alipoieleza amri ya nne, alifundisha kwamba mamlaka mengine yote hutoka katika mamlaka ya wazazi. Baba asiyeweza kumlea mwanawe peke yake humtafutia mwalimu wa kumsaidia. Maana yake ni kwamba mwalimu hakumpata mtoto kwa kumnunua wala kwa kumwokota, ameazimwa. Mtu aliyeazimisha jembe hakosi adabu akiuliza habari za jembe lake, naye aliyeliazima haoni kwamba ametukanwa. Sembuse mtoto! Basi mzazi aulizaye habari za kanuni za shule hakuivunja amri ya nne. Anaitimiza kwa upande wake, maana amri ile inamfunga mtoto kuheshimu, nayo inamfunga mzazi kustahili heshima hiyo kwa kumtunza mtoto wake.

Luther hakusema mambo ya shule kama mtu aliyeyasikia kwa jirani. Alipokuwa mtoto huko Mansfeld alichapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja, kwa sababu hakuweza kutaja mabadiliko ya maneno ya Kilatini ambayo hakuwa amefundishwa bado. Alikuwa mzee, naye alikuwa akikumbuka hesabu ile. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule za wavulana na wasichana, na katika waraka huo alizilaumu shule za zamani, ambazo kwake zilikuwa mahali pa mateso, zenye mapigo mengi na elimu kidogo. Angalieni vema: mtu yule yule aliyeteswa shuleni ndiye aliyezipigania shule kwa nguvu. Hakuwaambia wazazi wawatoe watoto wao. Aliwaambia wakubwa wa miji waifanye shule kuwa mahali ambapo mtoto aweza kujifunza. Na hivyo ndivyo tunavyotaka mzazi wa Kasulu aulize: bila kumwondoa mtoto.

Husemwa mara nyingi, "Viboko ni desturi yetu tangu zamani." Neno hili lina kweli ndani yake, wala hatusemi kwamba babu zetu hawakuwachapa watoto. Lakini lisikilizeni jina lenyewe. Kiboko ni mnyama wa mtoni, naye mjeledi ukaitwa kwa jina lake kwa sababu ulikatwa katika ngozi yake. Mjeledi huo ndio uliotumika bomani siku za Wadachi, na watu wazima wakahesabiwa mapigo ishirini na matano, hata wazee wakaiita adhabu ile hamsa ishirini. Hata neno "shule" tulilipata kwa Wadachi hao. Basi shule na kiboko vilikuja karibu pamoja, ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba havitengani. Baba aliyemchapa mwanawe nyumbani alimjua mtoto huyo tangu kuzaliwa, alijua jana alikula nini na usiku alilala vipi. Askari wa boma hakumjua aliyelazwa mbele yake. Adhabu zile mbili hazikuwa kitu kimoja, ingawa fimbo yaweza kuwa moja.

Sasa tuliangalie somo letu la kwanza, maana watu wengi hukimbilia Mithali 13:24, ambapo fimbo imetajwa, wasifike kamwe katika Kumbukumbu 25, ambapo fimbo imewekewa mpaka. Torati yaeleza habari za mtu mwenye kosa apasaye kupigwa. Je, hupigwa na yeyote aliyekasirika? Sivyo. Kwanza shauri hufikishwa kwa mwamuzi, naye husikiliza pande zote. Pili, mtu hupigwa mbele ya mwamuzi huyo, wala si nyuma ya nyumba. Tatu, mapigo yana hesabu, kwa kadiri ya kosa. Nne, hesabu hiyo ina mwisho wake, arobaini, isizidi. Na sababu yake imetolewa, nayo ni ya kushangaza: ili ndugu yako asidharaulike machoni pako. Torati haiogopi maumivu tu. Inaogopa moyo wa yule apigaye, asije akamwona mwenzake kuwa si mtu tena. Wayahudi walilichukua jambo hili kwa uangalifu hata wakakoma kwenye thelathini na tisa, wasije wakakosea hesabu. Mtume Paulo alipata mapigo hayo mara tano, kama aelezavyo katika 2 Wakorintho 11:24. Tena kumbukeni kwamba hayo yote ni habari za watu wazima waliohukumiwa, wala si za mtoto wa darasa la tatu aliyesahau daftari.

Wasomaji wengi watastaajabu wakisikia kwamba sheria ya Tanzania inafuata njia inayofanana sana na hiyo. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zimewekwa kanuni za adhabu ya viboko, na zile za mwaka 2002 zasema wazi. Kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, au kosa liletalo aibu kwa shule. Yapasa adhabu itazame uzito wa kosa, na umri wa mtoto, na afya yake, na kama ni mvulana au msichana. Viboko visizidi vinne kwa mara moja. Hapo kwanza vilikuwa sita. Mwenye ruhusa ya kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na idhini hiyo hutolewa kila mara adhabu itolewapo. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, ila kama shuleni hakuna mwalimu wa kike, hapo ni mwalimu mkuu mwenyewe. Na kila mara adhabu ikitolewa, huandikwa kitabuni: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa, mwalimu mkuu hutia sahihi. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kumdhalilisha, nayo yataka maonyo yote yawe kwa kadiri ya umri wake na hali ya mwili na akili yake.

Basi someni tena maneno hayo, mkamfikirie mwalimu wa zamu asimamaye langoni saa moja na nusu asubuhi, fimbo mkononi, akimpiga kila achelewaye. Nani ameamua kwamba kuchelewa kwa mtoto huyu ni kosa kubwa? Idhini ya maandishi iko wapi? Kitabu kiko wapi? Mzazi amezoea kudhani kwamba kanuni za shule zinamfunga mwanafunzi peke yake. Kumbe zinamfunga na mwalimu, tena yeye zaidi, kwa sababu yeye amezisoma.

Hesabu ikiachwa, mambo huharibika upesi. Mwezi wa Agosti 2018, huko Bukoba, mvulana wa darasa la tano alishukiwa kwamba ameiba mkoba wa mwalimu wake. Akapigwa, naye akafa. Mkoba ulionekana baadaye. Ulikuwa umesahauliwa kwenye pikipiki ya abiria. Mwalimu alishitakiwa kwa kuua. Tusimtazame mwalimu yule kama mnyama, maana hapo hatutajifunza neno. Tutazame kilichokosekana: hapakuwa na mwamuzi aliyesikiliza kwanza, wala mtu wa kusema, "Basi, hesabu imetimia." Na mwezi wa Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa wanafunzi 14 wa sekondari ya Kiwanja, wilayani Chunya, viboko vitatu kila mmoja, baada ya mabweni kuteketea. Watu wengi walimsifu. Kosa la kuchoma mabweni ni kubwa, hilo hatulikani, na viboko vile havikuvuka vinne. Lakini mkuu wa mkoa si mwalimu mkuu, wala kanuni haikumtaja popote. Wakubwa wakiiruka kanuni mbele ya watu, mwalimu kijana wa kijijini ataiheshimu kwa nini?

Jirani zetu wamekwenda njia nyingine. Kenya iliondoa viboko mashuleni mwaka 2001, na Uganda ikavikataza kwa sheria mwaka 2016. Sisi tulioandika somo hili twaona kwamba mwalimu ajuaye kazi yake huhitaji fimbo kidogo sana, na mwalimu bora tuliomjua hakuwa nayo kabisa. Tunajua pia kwamba wako wazee wengi katika sharika zetu wasioafikiana nasi, na hatutaki kuwafukuza katika somo hili. Kwa hiyo twawaambia hivi tu: hata ninyi mpendao kiboko, dai hesabu yake. Mtu ateteaye kiboko lakini hataki kitabu cha viboko hatetei adhabu, anatetea hasira.

Hapo mtu atauliza, "Lakini je, Mkristo hakuagizwa kuvumilia?" Ndiyo maana tumeweka Matendo 22 katika masomo yetu. Paulo amekamatwa Yerusalemu, amefungwa kwa kamba za ngozi, tayari kupigwa mijeledi. Hakutukana, hakupigana, hakulia. Alimwuliza akida aliyesimama karibu swali moja la sheria: je, ni halali kumpiga mtu aliye raia wa Rumi, naye hajahukumiwa? Akida akaenda mbio kwa mkubwa wake, na wale waliotaka kumpiga wakaondoka. Huyu ndiye Paulo aliyekuwa radhi kufa kwa ajili ya Bwana, na makovu anayo. Alijua tofauti ya kuteseka kwa ajili ya Injili na kuteseka kwa sababu mtu fulani hakusoma kanuni. Na ikiwa mtume aliuliza kwa ajili ya mgongo wake mwenyewe, mzazi ana haki zaidi kuuliza kwa ajili ya mgongo wa mtoto, ambaye hawezi kuuliza.

Tuje sasa kwetu milimani. Kanuni iletayo machozi mengi huku ni hii ya saa. Ninyi mnaoishi Kasulu mjini au karibu na boma la Kibondo hamtaelewa kama hamkutembea. Mtoto wa mbali huondoka gizani. Wakati wa masika hukuta kijito kimejaa, akangoja mtu mzima wa kumvusha. Wakati wa kuvuna maharage hutumwa shamba kwanza. Akifika, kengele imelia. Fimbo haitapunguza maji ya kijito. Twasema wazi kwamba hapa kosa la mzazi ni kubwa kuliko la mtoto: ukimtuma mtoto shamba alfajiri kisha akachapwa kwa kuchelewa, kiboko kile kilikuwa chako, mtoto amekipokea kwa niaba yako. Kwa hiyo kabla ya kwenda kumwuliza mwalimu, mzazi ajiulize mwenyewe mtoto aliamka saa ngapi, na alifanya kazi gani kabla ya kushika njia. Lakini kama sababu ni kijito, mwalimu aambiwe. Mwalimu aliyetoka Dar es Salaam au Moshi atajuaje habari za mto wetu, kama hakuna aliyemwambia?

Iko kanuni nyingine ambayo wazazi huifurahia, kumbe ndiyo ingewapasa kuiuliza kwa nguvu kuliko zote. Ni ile ya mabweni kufungwa usiku. Baba humpeleka binti yake sekondari ya bweni, akiona nondo madirishani na kufuli mlangoni hurudi nyumbani amepumzika moyo, akisema, "Hapa mtoto yu salama." Mwezi wa Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, bweni liliwaka moto usiku, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo, wakafa wavulana 67. Hapa Tanzania, mwezi wa Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea katika sekondari ya Shauritanga, Rombo. Na Septemba 2020, huko Kyerwa mkoani Kagera, ambako si mbali sana nasi, watoto 10 wa shule ya msingi walikufa katika bweni lililowaka usiku. Basi baba, siku ya kumpeleka mtoto, baada ya kulipa na kusaini, uliza maneno haya: usiku ufunguo uko kwa nani? Naye hulala wapi? Je, uko mlango wa pili, na dirisha lifunguliwalo kwa ndani? Mkuu wa shule mwema hatakasirika, atakuonyesha. Akikasirika, umekwisha kupata jibu lako.

Habari za nywele na sare hatutakaa nazo sana. Mtoto akate nywele, nywele huota. Kama sare imechakaa na fedha hakuna, mzazi amwambie mwalimu mapema, asingoje mtoto arudishwe njiani. Ada katika shule za serikali iliondolewa hata kidato cha nne tangu Januari 2016, lakini sare, madaftari na michango vimebaki, na mtu wa jembe hupata fedha kwa majira, si kwa miezi.

Habari ya lugha ni nzito zaidi. Mtoto wa Kiha afikapo darasa la kwanza hujua Kiswahili kidogo, naye hukaa karibu na mtoto ambaye wazazi wake walikimbia Burundi, na Kirundi na Kiha ni kama ndugu wa tumbo moja. Wawili hao watasemezana kwa lugha gani wakicheza? Katika shule nyingi za Afrika Mashariki iko desturi ya kumvika shingoni kibao mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya kwao, naye hukibeba hata amkamate mwenzake amvike yeye. Twakubali kwamba yafaa watoto wajifunze Kiswahili vema, na baadaye Kiingereza. Hili gazeti lenyewe ni la Kiswahili. Lakini kibao kile hakifundishi lugha. Chafundisha mambo mawili: kuona haya kwa ajili ya sauti ya mama yako, na kumpeleleza rafiki yako. Kama shule inayo desturi hiyo, iwe ya serikali au ya kanisa, wazazi waipeleke kwenye kamati ya shule.

Wako wanaosema kwamba kanuni ya shule haibadiliki, kwa hiyo kuuliza ni bure. Waikumbuke ile iliyowafunga wasichana wengi wa mkoa wetu. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, asirudi. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba wasichana hao hawatarudi katika shule za serikali. Wazazi wengi walinyamaza, na sharika nyingine zikanyamaza pamoja nao, kwa sababu waliona kwamba kusema ni kuitetea dhambi. Wengine walizidi kuuliza: mtoto huyu wa miaka kumi na mitano akisha kuzaa, naye ametubu, ataishi kwa kazi gani, na mtoto wake atalelewa na nani? Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba waweza kurudi. Kanuni iliyoonekana kama mwamba ikaondolewa. Ikiwa katika ushirika wenu yuko binti aliyebaki nyumbani siku zile, mwendeeni, maana huenda hajapata habari.

Sasa, mzazi aendeje? Kwanza amsikilize mtoto mpaka mwisho, kisha amwulize tena siku ya pili, kwa sababu mtoto husimulia kiboko kwanza na kosa baadaye. Pili aende kwa mwalimu mwenyewe, peke yake, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18. Asimwendee mbele ya darasa, wala asiitangaze habari kwenye kilabu cha pombe kabla ya kuifikisha shuleni. Aanze kwa salamu na shukrani, kisha aseme, "Mwalimu, nimekuja nipate kuelewa." Neno hili hufungua milango mingi kuliko neno "Kwa nini umempiga mwanangu?" Akijibiwa vema, mambo yameisha, na mtoto aambiwe nyumbani kwamba mwalimu na mzazi ni wamoja. Asipojibiwa, aende kwa mwalimu mkuu, aulize kama adhabu imeandikwa kitabuni. Baadaye kamati ya shule, au bodi ikiwa ni sekondari. Kisha afisa elimu wa kata, na wa wilaya. Safari hii yaweza kuchukua siku nyingi, na mtoto katika siku hizo zote aendelee kwenda shule, akisindikizwa ikibidi.

Lakini kama mtoto ana jeraha, au ameguswa kwa njia ya aibu, hatua hizo zote zirukwe. Hapo mzazi aende polisi kuchukua fomu ya PF3, na hospitali siku ile ile, na kwa afisa ustawi wa jamii. Jambo hilo halisuluhishwi kwa mbuzi wala kwa fedha ya pole, wala mchungaji au mzee wa kanisa asikubali kuitwa kuwa shahidi wa suluhu ya namna hiyo. Twajua imetokea. Na mtuhumiwa akiwa ni mtu wetu, ameketi nasi kanisani kila Jumapili, njia ni ile ile.

Ninyi walimu wa dini, kazi yenu katika haya ni ndogo na ya maana. Mama asiyejua kusoma aweza kuwa na kalamu yenu. Mwandikieni barua fupi, yenye tarehe, jina la mtoto, jambo lililotukia, na swali moja tu mwishoni. Msitie ndani yake hasira yenu wala mistari ya Biblia ya kumtisha mwalimu. Msomeeni mama mliyoyaandika, atie alama yake, na mbaki na nakala. Akiogopa kwenda peke yake, mmoja wenu amsindikize, akae kimya pembeni wakati yeye asemapo. Na wakati wa kuchagua kamati ya shule ya msingi ufikapo, msikae nyumbani mkisema ni mambo ya serikali. Ulizeni ni lini mkutano, mwapeleke wazazi, na katika mkutano huo ombeni kanuni za shule zisomwe zote kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu awaeleze kwa Kiha wale wasioelewa, pamoja na ile ihusuyo kitabu cha viboko.